Mwanangu Hasemi Darasani, na Shule Inataka Nisaini Karatasi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kongo, lakini wanangu wote wamezaliwa kambini Nyarugusu, huko Kigoma. Tulifika Marekani mwaka jana mwezi wa saba, na mwezi uliofuata watoto wakaingia shule. Mkubwa ni msichana wa miaka 14. Wa kati ndiye ninayekuandikia habari zake, ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Wa mwisho bado yuko nyumbani.

Huyu wa kati kambini alikuwa mtoto wa maneno. Akitoka uwanjani anakusimulia mpira mwanzo mpaka mwisho, nani alimpa nani pasi, nani alianguka, refa alikosea wapi. Bibi yake alikuwa anamwita redio. Hata hapa, akiwa ndani na dada yake, anaongea mpaka ninamwomba anyamaze nilale. Lakini mwalimu wake anasema darasani hafungui mdomo. Akiulizwa anaangalia chini. Hanyooshi mkono. Kusoma anasoma maneno mafupi mafupi tu.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa shuleni. Baba yao alikuwa kazini. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, nikaenda bila kulala. Mezani walikuwepo watu wanne, ninayemjua ni mwalimu wake peke yake. Hakukuwa na mkalimani, binti yangu alikosa masomo siku hiyo ili aje kutafsiri. Wao wanaongea dakika nyingi, yeye ananipa sentensi moja. Mwisho akasema, "Mama, wanasema huenda kichwa chake kina shida, wanataka kumpima." Hapo sauti ikamkwama. Nikapewa karatasi nyingi za Kiingereza na kuonyeshwa pa kusaini. Nilisema nitazirudisha, lakini mpaka leo ziko juu ya friji.

Mwalimu alituambia pia tuongee Kiingereza nyumbani. Kiingereza changu mimi ni cha dukani. Na kuna mama mmoja kanisani, wa siku nyingi hapa, ameniambia kosa ni lile darasa la ESL, la watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, analopelekwa kila siku, nikaandike atolewe, kwa sababu watoto wa kule wanabaki nyuma na wenzao wanawaita wajinga. Mtoto mwenyewe siku hizi hataki nimsemeshe Kiswahili kituoni anaposubiri basi.

Mwalimu, nisaini au nisisaini? Na ESL nimtoe? Nikikataa naogopa wataniona mzazi mbaya. Nikikubali naogopa mwanangu atapigwa alama ambayo haitamtoka.

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mama, na pole kwa kikao kile. Nikujibu kwanza la karatasi, maana ndilo lina haraka. Usisaini wiki hii, na usikatae. Omba kikao kingine chenye mkalimani wa Kiswahili, zile karatasi zisomwe mbele yako ukurasa kwa ukurasa, ndipo uamue. Kuomba hivyo hakukufanyi mzazi mbaya. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inayojulikana kwa kifupi kama IDEA, inasema kwamba mzazi amekubali pale tu alipoelezwa mambo yote kwa lugha yake, au kwa njia nyingine anayoielewa. Sahihi ambayo ungeiweka siku ile, huku hujui kilichoandikwa, isingekuwa idhini kwa maana ya sheria hiyo. Ulipozishika karatasi ukasema utazirudisha, ulimlinda mwanao.

Piga simu ofisi ya shule, au baba yao apige, mseme maneno mawili tu: Swahili interpreter. Kisha mtaje jina la mtoto na darasa lake. Ukipenda andika barua kwa Kiswahili, fupi, yenye tarehe, na uipige picha kabla hujaipeleka. Mkalimani halipwi na wewe, analipwa na shule. Wakisema hawana mtu wa Kiswahili mjini, siku hizi shule nyingi hutumia wakalimani wa simu, na hilo unaweza kulikubali mradi umsikie vizuri naye akusikie. Waambie pia saa inayokufaa. Huwezi kutoka kiwandani alfajiri ukakae mezani unasinzia huku watu wanajadili maisha ya mtoto wako. Kikao kinaweza kuwa mchana ukishalala, na kinaweza kufanyika kwa simu ikiwa ndiyo njia pekee ya baba yao kushiriki.

Binti yako asikae tena kwenye kiti cha mkalimani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu naliona kila mwaka katika familia zetu. Msichana wa miaka 14 amefika nchi hii siku moja na ninyi. Yeye mwenyewe bado anajifunza Kiingereza, halafu anapewa maneno ya kitaalamu ambayo hata mtu mzima aliyezaliwa hapa angeomba yarudiwe. Alichokuambia kuhusu kichwa cha mdogo wake ndicho alichoweza kukitafsiri. Yaelekea walichosema ni kwamba wana wasiwasi na namna anavyojifunza kusoma na wanataka kuchunguza, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Tena alibeba habari ya kumuumiza mama yake, akaibeba mbele ya wageni wanne, siku ambayo alipaswa kuwa darasani kwake. Mwite mkae wawili. Mwambie alifanya kazi kubwa, mwambie mdogo wake si mgonjwa, na mwambie kwamba kuanzia sasa mambo ya shule, hospitali na kodi ya nyumba yatatafutiwa mkalimani mtu mzima. Kisha liheshimuni neno hilo, hata siku mtakapokuwa na haraka.

Sasa ukimya wa mtoto. Walimu wa lugha wanakijua kipindi cha ukimya: mtoto aliyetiwa ghafla katika lugha mpya husikiliza kwanza, anakusanya, hatoi. Wengine hukaa hivyo wiki chache, wengine miezi, na wapo wanaofikisha mwaka. Wako ameuvuka mwaka, kwa hiyo shule haikukosea kuuliza. Lakini kuna mambo ambayo huenda mwalimu wake hayajui. Kambini watoto walikuwa wamejaa darasani, mwalimu anauliza na darasa zima linajibu kwa pamoja. Hakuna aliyesimamishwa peke yake akisubiriwa na macho ishirini. Na mtoto wa kwetu anayezungumza na mkubwa huinamisha uso, hiyo ndiyo adabu tuliyomlea nayo. Mwalimu wa hapa akiona mtoto anaangalia chini anaweza kudhani hasikilizi, au hajui, au anaficha kitu. Mweleze hayo kwenye kikao, kupitia mkalimani.

Halafu uliza swali ambalo naona halijaulizwa: je, anaongea wakati wa mapumziko, uwanjani, kwenye chakula? Kama huko anaongea na wenzake, hata kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, basi anachokiogopa ni kusimama mbele ya darasa. Kama hafungui mdomo popote pale shuleni, kutwa nzima, huku nyumbani ni redio, zungumza na kaunsela wa shule, maana hofu nayo ni jambo la kushughulikiwa kwa njia yake. Na mtoto mwenyewe umuulize kwa utaratibu, mkiwa wawili, kama kuna anayemcheka.

Kuhusu kupimwa. Watu wetu wamegawanyika hapa. Wapo wanaokataa kila karatasi kwa kuogopa alama, na wapo wanaosaini kila karatasi kwa kuogopa shule. Mimi nakushauri ujue kwanza kipimo hiki ni nini. Anayempima hana ruhusa ya kusema mtoto ana ulemavu wa kujifunza ikiwa sababu kuu ni kwamba hajui Kiingereza, au kwamba hakuwahi kufundishwa kusoma ipasavyo. Hilo limeandikwa katika sheria ile ile ya IDEA. Sheria hiyo inataka pia vipimo vifanywe kwa lugha ya mtoto, labda iwe dhahiri kabisa haiwezekani. Mwanao ana Kibembe cha bibi yake, ana Kiswahili, ana Kifaransa kidogo ikiwa alianza shule kambini kwa mtaala wa Kongo, na sasa Kiingereza. Waambie lugha anayoitawala ni Kiswahili, na uliza ni nani atakayempima kwa Kiswahili, na atampima vipi. Kama jibu ni kwamba atapimwa kwa Kiingereza peke yake, una haki ya kusema hapana mpaka wapange upya.

Waulize mambo mengine pia. Macho na masikio yamepimwa? Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja anaweza kukaa mwaka mzima akionekana mzito. Amesoma jumla ya miezi mingapi maishani mwake, na je, wanayo rekodi hiyo? Wanamlinganisha na nani? Kumlinganisha na mtoto aliyezaliwa hapa akasomewa vitabu vya Kiingereza tangu utotoni hakutaonyesha kitu. Mlinganisho wa haki ni na watoto waliofika wakati mmoja naye, wenye historia ya shule kama yake. Uliza pia wamejaribu msaada gani darasani kabla ya kufika kwenye karatasi, na kwa muda gani.

Wewe nawe una ushahidi ambao mtu yeyote pale mezani hana. Unajua alianza kusema akiwa na umri gani. Unajua ukimtuma vitu vitatu anarudi na vitatu au na kimoja. Unajua kama wenzake wa rika lake kambini walimpita, au alikuwa sawa nao. Shida halisi ya kujifunza haisubiri Kiingereza ndipo ijitokeze, kwa kawaida ingekuwa na dalili zake hata katika Kiswahili. Kabla ya kikao, mrekodi kwa simu akisimulia mpira kwa Kiswahili, dakika mbili au tatu, bila kumwambia ni za nini. Mkalimani na mwanasaikolojia wa shule waisikilize. Mtoto anayepanga matukio kwa mfuatano, anayetaja sababu na matokeo, ameonyesha mengi ambayo kipimo cha Kiingereza hakiwezi kuyaona.

Na kama baada ya hayo yote bado kuna jambo? Basi mwache apimwe. Wapo watoto wanaojifunza lugha mpya na papo hapo wana shida ya kweli ya kusoma, na hao wakicheleweshwa kwa sababu "atazoea tu Kiingereza" wanapoteza miaka. Kukubali kipimo si kukubali kuwekwa popote. Idhini ya kupima ni moja, idhini ya kupewa huduma maalumu ni nyingine, utaulizwa tena, na unaweza kuiondoa baadaye. Ukisaini, kwa kawaida shule ina siku 60 za kumaliza uchunguzi, ingawa yapo majimbo yenye muda wao. Usiporidhika na matokeo unaweza kuomba uchunguzi wa mtaalamu wa nje, na shule ama iulipie, ama ifungue shauri la kutetea uchunguzi wake. Kikao cha matokeo nacho kiwe na mkalimani, uombe mapema.

Kuhusu ESL, mama, mshukuru dada yako wa kanisani kwa kukujali, lakini usimtoe. Darasa hilo lina historia. Mwaka 1974 familia za watoto wa Kichina wa San Francisco zilifika Mahakama Kuu ya Marekani kwa sababu watoto wao waliketi madarasani bila kuelewa neno. Shule ilijitetea kwamba watoto wote wanapata vitabu na walimu wale wale. Majaji wote wakakubaliana kwamba kumpa mtoto kitabu asichokielewa si kumtendea sawa, wakitegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Msaada anaopata mwanao leo unatokana na kesi hiyo. Haki ya kukataa unayo, ila ujue utakachopata: atabaki amesajiliwa kama mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, atafanya mtihani wa Kiingereza kila mwaka kama wenzake, na atapoteza ile nafasi ya mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Tena kwake yeye ingekuwa hasara maradufu, kwa sababu mwalimu wa ESL huenda ndiye mtu mzima pekee pale shuleni aliyewahi kusikia sauti yake. Omba mwalimu huyo awepo kwenye kikao.

Ila usimwachie mtoto ESL ukafunga macho. Uliza anatolewa kwenye somo gani, maana akitolewa kila siku wakati wa hesabu mtapata shida mpya. Omba matokeo ya mtihani wake wa Kiingereza, unaofanyika katika majimbo mengi kati ya Januari na Machi. Mtihani huo unapima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kila kimoja na alama yake. Uone alama ya kusikiliza. Ikiwa iko juu ya ile ya kuzungumza, mtoto anaelewa kuliko anavyosema. Na usishtuke akikaa huko miaka. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha kwamba Kiingereza cha kucheza na kupiga soga huja ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini kile cha vitabu, cha sayansi na insha, huchukua miaka mitano hadi saba. Wako ndiyo kwanza ameanza wa pili.

Ushauri wa kuongea Kiingereza nyumbani usiufuate. Naamini mwalimu aliutoa kwa nia njema. Lakini mtoto hujenga fikra zake kwa lugha ambayo watu wanaomlea wanaimudu. Wewe kwa Kiswahili unaweza kumweleza kwa nini mvua inanyesha, kwa nini bibi alitoka Fizi, kwa nini kumi na mbili ikigawanywa kwa tatu ni nne. Kwa Kiingereza chako cha dukani ungemwambia kula, lala, njoo. Akishalielewa jambo kwa Kiswahili, Kiingereza kinamdai jina lake tu. Kwa hiyo muulize kila siku, kwa Kiswahili, leo umejifunza nini cha hesabu, hebu nionyeshe. Mtegeeni vitendawili. Ngano za bibi yake asimuliwe, na kama bibi yuko mbali, kwa sauti ya WhatsApp. Na mfundishe kusoma Kiswahili ikiwa hajui: kila silabi inatamkwa jinsi ilivyoandikwa, kwa hiyo atapata haraka ile raha ya kuona herufi zinageuka habari, na akirudi kwenye Kiingereza chenye tahajia yake ngumu atakuwa ameshajua kwamba kusoma anaweza.

Walimu wenzangu mnaofundisha huko ughaibuni na kuisoma safu hii, mna neno la kuwaambia wenzenu wa shuleni. Mtoto kama huyu asiitwe ghafla mbele ya darasa. Apewe swali mapema, ajibu kwanza kwa kuonyesha picha au kuandika, hata kwa Kiswahili, ajizoeze na mwenzake mmoja, kisha ndipo asimame. Akiulizwa asubiriwe, sekunde kadhaa za ukimya haziui somo. Jina lake litamkwe sawasawa. Na mzazi aulizwe mtoto wake anaweza nini, kabla ya kuelezwa nini hawezi.

La kituo cha basi ni dogo kuliko linavyouma. Ana miaka 8, anataka kufanana na wenzake. Usimlazimishe pale, wala usimwaibishe. Ndani ya nyumba, hata hivyo, akikujibu kwa Kiingereza, wewe endelea kwa Kiswahili. Na ukijua familia nyingine ya Kiswahili yenye mtoto wa rika lake, waache wacheze pamoja mwisho wa wiki, kwa mpira ikiwezekana. Kwenye kikao mwombe mwalimu wa ESL, mbele ya mkalimani, ampe nafasi siku moja asimulie mechi kwa kikundi cha watoto watatu wanne, kwa lugha yoyote atakayochagua. Ukishapata tarehe niandikie, nitakusaidia kupanga maswali yako kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, uyapeleke yakiwa yamechapwa.